Tumbo la Mamake Biharusi

Jumamosi, 24 Januari

Gauni la sare limekataa kufunga. Mwanzo wa mwezi lilifunga. Kitambaa ni kile kile, fundi ni yule yule, mwanamke ni yule yule. Lililobadilika ni tumbo.

Harusi ya Yumna ni Jumapili, si ya kesho, ile inayofuata. Mwanangu wa pekee. Anaolewa na Talib, kijana wa Msuka, mpole, meno mazuri. Siku hiyo wanawake wa Msuka watakuja hapa kwetu Jadida kwa vigelegele, na mama yake Talib, Bi Bimkubwa, atanikabidhi mkaja wangu mbele ya kila mwanamke wa Wete mwenye macho. Mkaja! Kitambaa anachopewa mama wa biharusi na upande wa mume, kwa kukumbuka kwamba alijifunga tumbo baada ya kumzaa huyo wanayemchukua. Kila mtoto wa kike ana mkaja wake mmoja. Mimi nina mtoto mmoja. Kwa hiyo duniani pana mkaja mmoja tu wenye jina langu, na nimeungoja tangu Yumna yumo katika nepi.

Fundi akavuta zipu. Zipu ikafika kiunoni ikakaa. Akasema kwa adabu kwamba vitambaa vya siku hizi hurudi vikipigwa pasi. Wifi yangu Saada, ambaye hakuna aliyemwalika, akasema vitambaa havijarudi popote. Akanitazama kuanzia kifuani hadi mapajani, taratibu, akatabasamu. Kisha akaniuliza kama mume wangu Ridha keshajua.

Sina mimba! Nina miaka arubaini na minane. Siku zangu zinakuja zinapotaka, kama umeme. Nilichonacho ni gesi. Asubuhi tumbo bapa, ikifika alasiri limeumuka kama unga uliotiwa hamira. Choo nacho kimenisusa wiki nzima.

Kuzaa pamoja na bintiyo! Mkwe anaingia kwa mlango wa mbele, mkunga anaingia kwa mlango wa uani. Wenzangu wamecheka watu kwa machache kuliko hayo. Mimi pia nimecheka.

Saada ni dada yake mume wangu, yaani shangazi yake Yumna. Mama akiwa hawezi, shangazi ndiye anayekaa mahali pake na kupokea. Yeye ana wavulana watupu. Hakuna atakayemletea mkaja maisha yake yote. Nilimwonea huruma kwa kitambo kidogo, kisha nikaacha.

Mpango: kuuzima uvumi kabla haujavuka barabara.

Jumapili, 25 Januari

Uvumi umevuka barabara. Muuza mkate kaniuliza kama natamani ndimu.

Mpango wa leo ulikuwa mzuri na bado nauona mzuri. Mwanamke mwenye mimba haendi mwezini. Basi anayeonekana yuko mwezini hana mimba. Hili halitaki skuli.

Mchana wanawake tulikutana kwa Mgeni, jirani yetu wa nyuma, kufanya mazoezi ya maulidi ya harusi. Ilipoadhiniwa alasiri wote wakaenda kutawadha. Mimi nikabaki nimekaa. Nikakohoa. Nikatangaza kwamba mie leo nina udhuru, wasali tu wasinijali. Nikashika mgongo. Nikaugua, si sana. Mgeni akanipa pole. Niliona kabisa macho yao yakipungua ukali.

Lakini sala ni sala. Sikuwa na udhuru wowote ila uongo, na uongo hausamehe mtu kusali. Nikaaga haraka nikaenda nyumbani kuwahi alasiri yangu kabla wakati haujapita. Nimo rakaa ya tatu, hodi mlangoni. Saada. Kwa haraka niliyotoka nayo nilikuwa nimevaa kandambili zake.

Hakuondoka. Alisimama pale pale mpaka nikatoa salamu. Ana subira ya kutisha yule. Kisha akasema: "Mwenyezi Mungu akutakabalie, wifi. Mfupi huo udhuru wako." Akachukua kandambili zake akaenda.

Sasa naambiwa nina mimba na tena ninaificha. Tumbo linapiga ngoma tangu hapo.

Jumatatu, 26 Januari

Ridha karudi kutoka barazani na doriani. Mume wangu hanunui doriani bila sababu, tunda ghali lile. Akaliweka mezani, akatazama ukuta, akauuliza ukuta kama ni kweli yale yanayosemwa.

Nikamjibu kwa niaba ya ukuta kwamba si kweli, ni gesi. Akauliza gesi gani inakaa mwezi mzima. Nikasema gesi ya kawaida. Akashusha pumzi, na sikuweza kujua kama ni ya kushukuru au ya kuhuzunika. Nadhani zote mbili. Akala doriani lote peke yake.

Mpango wa leo: kutokula. Kisichoingia hakivimbi. Asubuhi nikanywa maji ya tangawizi. Adhuhuri maji ya tangawizi. Huku watu wanaingia na kutoka: viti havitoshi, mpishi anataka kuni nyingine, wapiga dufu wameuliza tena siku. Kila neno lilinipiga hapa chini ya kitovu. Tumbo likawa gumu kama mlango.

Shida ya kutokula ni njaa. Alasiri nilijikuta jikoni nyuma ya mlango, nimesimama, na sahani ya maharage ya nazi. Kisha muhogo. Kisha nusu shelisheli iliyobaki ya jana. Sikutafuna, sikuwa na nafasi, maana nilikuwa nikisikiliza nyayo.

Nikatoka uani kupumua. Mgeni alikuwa akianika nguo zake. Akanitazama ubavu, akasema kwa mapenzi kwamba nimebeba mbele, basi ni mwanamume.

Jumanne, 27 Januari

Nimekwenda kituo cha afya. Mapema, nikabu mpaka machoni, ili nisijulikane. Sikujua kwamba Jumanne ni siku ya kliniki ya wajawazito. Nikakaa kwenye benchi katikati ya matumbo. Mkaza mwana wa Mgeni, ambaye amebakiza siku chache, akasogea anipishe nafasi, akaniamkia kwa jina. Alinitambua kwa kandambili. Safari hii zilikuwa zangu.

Daktari Khairiya ni mdogo kwa umri kuliko gauni nililoolewa nalo. Akanipima. Mimba hakuna. Nikamwomba aje Jumapili aliseme hilo kabla ya chakula kugawiwa. Akasema kazi yake haifiki huko.

Kisha akanieleza, na alieleza vizuri, siwezi kumkosea haki yake. Mwanamke anapokaribia kukoma hedhi, homoni zake hazishuki ngazi kwa adabu. Zinaruka, leo juu kesho chini. Kuna moja, projesteroni, ikizidi utumbo hulegea na kwenda pole pole. Chakula kinakaa, gesi inajaa, choo kinakuwa kigumu. Zikishuka ghafla utumbo nao unakimbia, ndiyo maana hata wasichana wengine huharisha siku zao zinapoanza. Juu ya hayo, ubongo na utumbo vinapelekeana habari mchana kutwa. Mtu akiwa na mfadhaiko, mwili hudhani unakimbizwa, na anayekimbizwa hana wakati wa kusaga chakula. Wengine hufunga choo, wengine hufunguka. Wengine, akasema akinitazama, hupata yote mawili.

Akauliza ni kitu gani kinanifadhaisha. Nikamweleza. Nilipofika kwenye kandambili akaweka kalamu chini.

Dawa yake: nile kidogo kidogo, nimekaa, nikitafuna. Maji. Kutembea kila jioni. Kulala. Maharage yapumzike kidogo. Nisinywe dawa yoyote ya kufungua tumbo kwa akili yangu mwenyewe, na hapo akaitaja sanamaki kwa jina. Nikiona damu chooni, au nikikonda bila kujua kwa nini, nirudi siku hiyo hiyo. Na juu ya yote nipumzishe fikra. "Iache mipango, Bi Shadya," akasema, "angalau harusi ipite."

Nimemwelewa vizuri sana. Ugonjwa wangu ni mfadhaiko. Mfadhaiko wangu ni Saada. Dawa ni Saada aondoke.

Jumatano, 28 Januari

Nimempeleka Saada Msuka.

Nilimwambia kwamba pana haja ya mtu mwenye heshima zake kwenda kupanga na Bi Bimkubwa utaratibu wa Jumapili, na mwenye heshima hiyo ni shangazi, hakuna mwingine. Akafurahi mpaka nikaona haya. Akabadilisha baibui. Hesabu yangu ilikuwa hivi: Msuka ni mbali, watu wake wakarimu, mgeni haachiwi kurudi. Watamlaza leo, watamlaza kesho, Ijumaa atarudi amechoka.

Adhuhuri nilikula nimekaa. Tumbo likatulia. Nikamkumbuka daktari kwa wema.

Alasiri Saada huyu hapa! Kateremka garini na kikapu: ndimu, embe mbichi, na udongo wa kula uliofungwa kwa jani la mgomba, kama wanavyopelekewa wenye mimba. Vyote vimetoka kwa Bi Bimkubwa, na salamu. Nisijichoshe. Siku ile nisinyanyuke. Kama nitashindwa kukaa mbele ya watu, hakuna ubaya wowote shangazi akiupokea mkaja kwa niaba yangu. Wamekwisha kubaliana. Tena wamekuwa mashoga, wamepeana nambari za simu.

Nitazame mambo yalivyo, bila hasira. Nimemtafutia adui yangu gari, nikamlipia nauli, akaenda kufanya urafiki na mkwe wangu na kuuchukua mkaja wangu.

Nilizimaliza embe zote kwa chumvi. Udongo nimeuweka.

Alhamisi, 29 Januari

Chini ya kitanda kuna sanduku la marehemu mama. Ndani yake umo mkaja niliofungwa nilipomzaa Yumna. Ulikuwa mweupe. Sasa una rangi ya chai.

Uzazi ule ulikuwa mzito. Mkunga alitoka nje akazungumza na mama kwa sauti ya chini, na mimi nilisikia. Nilipojifungua mama akanifunga kitambaa hiki kwa mikono yake, mzunguko juu ya mzunguko, akisoma. Akaniambia kwamba siku wakija kumchukua huyu watanilipa kingine, na siku hiyo nikae kitako nikipokee kwa mikono miwili. Nililia kidogo juu ya sanduku. Naandika kwa sababu ilitokea.

Kisha akili ikanijia. Kitambaa kilichorudisha tumbo lile kitashindwaje na hili? Nikafunga mlango wa chumba bila ufunguo. Ncha moja nikaitia kwenye nguzo ya kitanda, ncha nyingine kwangu, nikajizungusha. Pumzi ilipungua lakini umbo lilipatikana.

Mgeni hapigi hodi. Aliingia kwa mlango wa uani kurudisha ungo, akaufungua mlango wa chumba. Aliniona nimefungwa mkaja, macho mekundu, machozi hayajakauka. Akautua ungo chini taratibu. Akasema, "Inna lillahi." Akatoka kinyumenyume.

Kabla ya magharibi walikuwa wamejaa. Wamekuja na uji wa pilipili manga, ule wa mzazi. Wamekuja na kuku. Wanazungumza kwa kunong'ona. Mmoja akaniambia nimshukuru Mungu, ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa. Mwingine akasema kwa umri wetu huu pengine ni kheri. Nikasema sikuwa na mimba, kwa hiyo haikutoka. Wakatikisa vichwa kwa huruma na kunikanda miguu. Mwanamke aliyefunga mkaja ametoka uzazini, hilo kila mtu analijua tangu enzi za mabibi. Nani atasadiki kwamba nilikuwa nafunga upepo?

Uji ulikuwa mzuri. Nilikunywa bakuli mbili.

Walipoondoka Yumna akaja. Yeye ni mwali, hatoki ndani, lakini simu haina mlango. Alikuwa amelia. Akaniambia Talib amempigia kumpa pole ya msiba asioujua. Akaniambia haogopi wanayoyasema watu. Anachoogopa ni siku yenyewe: kuketishwa juu ya kitanda mbele ya wanawake wote wale, asione uso anaoujua. Anataka kitu kimoja tu, nikae mbele yake aweze kuniona. Na kama siwezi, akasema, shangazi yupo.

Alisema kwa upole. Ukali ningeuweza.

Ijumaa, 30 Januari

Leo hapakuwa na mpango. Sikupata nafasi.

Yumna ametiwa hina mikono na miguu, mpaka viwiko, maua na majani. Hawezi kushika kitu. Nikamlisha mimi. Tonge yeye, tonge mimi. Wali na samaki wa kukaanga, basi. Tulikula muda mrefu kwa sababu alikuwa akicheka na mimi nilikuwa nangoja amalize kucheka. Alitaka nimhadithie alivyokuwa mtoto. Nikamhadithia alivyokula sabuni. Nikamnywesha maji, nikanywa na mimi.

Hina ikachelewa kukauka, nikazunguka naye uani tukipunga upepo, yeye mikono ameinyoosha mbele. Tulizunguka mpaka kuku wakaenda kulala. Sikumfikiria Saada hata mara moja, isipokuwa sasa ninapoandika.

Choo kimekuja chenyewe, kwa amani. Tumbo limelala. Nikajaribu gauni. Limefunga! Zipu imepanda mpaka juu bila kusemeshwa!

Sababu iko wazi kabisa. Ni ule mkaja wa jana.

Jumamosi, 31 Januari

Gauni bado linafunga. Lakini kesho ni kesho. Tumbo hili limenisaliti mara nyingi, haliwezi kuachiwa hivi hivi usiku wa kuamkia harusi.

Nimechemsha sanamaki. Daktari alikataza, nakumbuka. Lakini alimkataza mgonjwa, na mimi nimepona. Marehemu bibi alikuwa akitia vijani vichache. Nikatia konzi, kwa kuwa harusi ni kubwa.

Nikanywa baada ya magharibi. Nikangoja. Kimya. Sanamaki ya siku hizi haina nguvu, wanachanganya na majani mengine.

Nimekunywa kikombe cha pili.

Jumapili, 1 Februari

Sanamaki ya siku hizi ina nguvu.

Tangu alfajiri nimekuwa nikienda na kurudi. Choo cha wanawake kiko uani, nyuma ya jiko. Wapishi walinihesabia mwanzoni, baadaye wakachoka. Kufika saa nne nilidhani yamekwisha, maana sikuona ni nini kilichobaki.

Nikavaa. Gauni la kijani cha embe changa. Zipu juu. Tumbo bapa kama sinia. Nikaingia chumba kikubwa nikakaa mahali pangu, mbele ya kitanda alichoketishwa Yumna. Wanawake wote wakanitazama tumboni, wakatafuta, hawakuona kitu. Saada akatazama. Hakuona kitu. Ilikuwa saa nzuri kupita zote maishani mwangu na ilidumu kasida moja.

Yumna akainua macho chini ya ushungi. Akanitafuta. Akanipata. Mabega yake yakashuka.

Vigelegele nje. Msuka wamefika! Wanaingia kwa kuimba, kati yao Bi Bimkubwa amebeba sinia iliyofunikwa kwa kitambaa cha dhahabu. Alitembea kwa hatua fupi fupi, uso unang'aa kwa jasho. Nikadhani ni madaha.

Hapo hapo tumbo likasema. Halikunong'ona.

Kuna mambo mtu hawezi kuyajadili. Nikainuka. Nilitembea kwa heshima mpaka mlangoni, na tangu mlangoni sikutembea. Nyuma yangu nilimsikia Saada akiwaambia wageni, kwa sauti ya asali, kwamba hakuna taabu, shangazi yupo.

Chooni nililia. Si kwa maumivu. Nilimwona Yumna akitazama mahali pangu na kumkuta mwingine. Nilimkumbuka mama na mikono miwili. Nimeharibu, nikasema. Nimeharibu kwa kikombe cha pili.

Mlango ukagongwa. Nikasema kuna mtu. Ukagongwa tena, kwa kiganja. Sauti ikasema: "Nifungulie, mwanangu, kwa haki ya Mungu."

Nikafungua. Bi Bimkubwa! Sinia mkononi. Alikuwa ametoroka chumbani akasahau kuitua. Tukatazamana. Alikuwa na rangi niliyoiona asubuhi kwenye kioo changu. Akaniambia upesi upesi kwamba wiki nzima tumbo lake si lake. Siku zake zimeanza kupoteana tangu mwaka jana, mwana wake wa mwisho anaoa, chakula ama hakishuki ama hakikai. Kule Msuka wanadhani ana presha. Yeye aliposikia kwa Saada habari za tumbo langu alijua mara moja ni kitu gani, ila aliona haya kusema, akanipelekea ndimu.

Kisha akafunua sinia, akautoa mkaja, akaniwekea mikononi. Mikono yote miwili. "Haki yako, kwa tumbo lako," akasema. "Sasa nipishe."

Akaingia, akatia komeo. Nikabaki uani na mkaja wangu, mbele ya ndoo ya maji na kuku wawili. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Sikuondoka. Mtu hamwachi mwenzake. Nikasimama mlangoni kulinda, na kweli Saada akatokea, anamtafuta mkwe. Nikasema hayuko huku. Ndani pakasikika sauti. Saada akautazama mlango. Akautazama mkaja. Akanitazama mimi. Nikangoja neno lake, na tumbo langu likangoja pia.

Akaenda akarudi na jagi la maji na kanga safi, akaviweka kizingitini. Kisha akarudi chumbani akawatangazia wote kwamba mama wawili wamejitenga kukabidhiana mkaja faraghani, ndiyo mila ya Msuka. Wanawake wa Wete wakaitikia kwamba ni mila nzuri. Wanawake wa Msuka walishangaa kusikia wanayo, lakini hawakukanusha.

Nilipoingia nilikuwa nimeutupia mkaja begani. Saada akaondoka mahali pangu kabla sijafika. Yumna akaniona. Akalia, nikalia, wanja ukamharibikia, mpambaji akakasirika. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa na furaha kweli.

Baadaye niliinuka tena mara kadhaa, lakini hayo hayakumhusu mtu.

Jumanne, 10 Februari

Tumbo limetulia tangu harusi ipite. Nakula, nalala, alasiri naenda kwa miguu kumtazama mkaza mwana wa Mgeni na kichanga chake. Wanaponiona naye mkononi bado wananipa pole.

Sokoni nikakutana na Daktari Khairiya. Akaniuliza hali. Nikasema nimepona kabisa. Akafurahi, akasema homoni zitaendelea kucheza kwa muda, lakini umeona mwenyewe, mfadhaiko ukipungua na tumbo linapumua. Nikamweleza kwa upole kwamba ilikuwa ni mkaja na sanamaki. Akafumba macho kidogo. Wanafanya kazi nyingi vijana hawa.

Mchana Saada akaja na halua. Habari kubwa! Mwanawe mkubwa amekubaliwa Shumba Mjini. Harusi baada ya Idi. Safari hii yeye ndiye atakayebeba sinia na kukabidhi mkaja. Nikamkumbatia. Nilimwonea furaha, wala si kwa kitambo kidogo. Nikamwambia ya jagi sitayasahau. Akasema yapi hayo.

Akaomba nimsaidie katika harusi. Nikakubali kabla hajamaliza. Nikamwambia jiko aniachie mimi. Akatazama halua. Akasema jiko keshampa Mgeni.

Mgeni! Anayetia sukari kwenye pilau! Mbele ya watu wa Shumba!

Nikatabasamu. Nikasema kheri.

Sitagombana na mtu, nimekwisha kuona ugomvi haufai. Nitafanya jambo dogo tu. Nimemtazama Mgeni leo akianika nguo, na tumbo lake, ukilitazama kwa ubavu, si lile la mwaka jana. Ana miaka sitini na ushei, si neno. Kwenye kisomo cha Alhamisi, wanawake wakishakaa, nitamtazama kuanzia kifuani hadi mapajani, taratibu, kisha nitamuuliza kama mumewe keshajua.

Tumbo limeanza kunguruma ninapoandika haya. Ni maharage ya mchana, hakuna kingine.

Sanamaki ipo.